Nikele, Alisema Shangazi

Mhariri alimwambia neno moja tu, na neno hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki: majitu yako yanaongea kama makarani wa benki.

Ukweli una ncha. Alikuwa ameandika kurasa mia nne za majitu yenye ndevu za kufika magotini, yaliyolala chini ya milima tangu dunia ikiwa mbichi, na kati yao jitu moja la kike lililowahi kunywa ziwa zima kwa hasira. Lakini kila yalipofungua vinywa yalisema "hakuna shida" na "tutawasiliana". Nyumbani walishambandika jina la Majitu, utani wenye masikitiko kidogo ndani yake. Mtu mzima aliyesomea uhasibu, mwenye mke, halafu anashinda mezani akitunga habari za viumbe visivyokuwepo, ukoo lazima umtafutie jina la kumwitia.

Basi Majitu akachukua kurasa zake akaenda kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake. Kazi yake ya maisha, kwanza darasani na baadaye nyumbani alipostaafu, ilikuwa kusoma Kiswahili cha kale, kile cha washairi waliokufa karne nyingi zilizopita, ambacho ukikisikia leo unajiona kama mtu aliyeingia nyumba ya babu yake akakuta milango imehamishwa. Aliishi ghorofa ya pili, juu ya karakana ya mafundi wa mageti. Sebuleni palikuwa na kiti kimoja kikubwa dirishani, chake, na ukuta mzima wa makasha ya viatu yaliyojaa kadi, kila kadi neno moja. Chini mashine ya kukatia vyuma ililia tangu asubuhi hadi jioni. Wageni waliziba masikio. Shangazi alisema akiisikia tu anajua watu wako kazini, naye anaendelea na yake.

"Unataka lugha," alisema, akishusha miwani. "Ya nani?"

"Ya majitu, Shangazi."

"Yana umri gani hayo?"

Swali hilo Majitu hakulitegemea. Alidhani atachekwa. "Miaka elfu tatu hivi."

"Basi huwezi kuyatia mdomoni 'nimelala'. 'Nimelala' ni neno la juzi juzi." Akanyoosha mkono kwenye kasha bila kutazama, kama mtu achukuaye chumvi jikoni kwake. "Washairi wa zamani waliugeuza mkia wa neno. Sisi tunasema amelala, wao wakasema alele. Amesimama, asimeme. Nimekaa, nikele."

"Kuna tofauti gani?"

"Labda hakuna. Ila mimi nikisikia 'amelala' naona mtu anajitupa kitandani. Nikisikia 'alele' naona usingizi wenyewe, umeshaingia ndani na kufunga mlango."

Majitu alisisimka hadi vidoleni. Kiumbe anayeishi miaka elfu tatu hawezi kuwa na haraka ya kutenda, anachojua ni hali. Mlima umesimama, jitu limelala, ziwa limenywewa. Kumbe alichokuwa anakitafuta kwenye sinema za watu kilikuwa kimelala kwenye kasha la viatu kwa shangazi yake, na yeye alikuwa akipita hapo kila sikukuu kula na kuondoka.

Akawa haondoki tena. Kila Jumamosi alikuwa pale na maswali yake. Mazimwi ya zamani yalitoka wapi? Kwa nini nyoka wa hadithi hulinda mali asiyoitumia? Shangazi alikuwa na jibu kwa kila kitu, na nusu ya majibu yalikuwa mzaha. "Mazimwi mengine ni makosa ya wanakili," alimwambia siku moja. "Mtu ananakili shairi kwa herufi za Kiarabu, kasinzia, nukta imehama kutoka herufi hii kwenda ile, kuku kawa joka. Wajukuu wake wanaliogopa mpaka leo, na kuku mwenyewe alishaliwa siku nyingi."

Kitabu kikatoka, na watu wakakipenda kuliko alivyothubutu kuomba. Vijana walisalimiana kwa lugha ya majitu. Ila Majitu alikuwa amefanya jambo moja ambalo watunzi hulifanya bila kupepesa jicho. Maneno aliyachukua kama yalivyo, maana akazipinda. Kwenye kitabu chake "alele" ni amekufa, maana majitu hayakubali kufa, hulala tu mpaka miti ikaota juu yao. Na "nikele" akaifanya ukelele wa vita. Lilikuwa neno kavu lenye makali, lilifaa kupigwa pamoja na ngao, kwa hiyo majitu yake yalipotoka kwenda vitani yaliunguruma Nikele, yaani ninaondoka.

Shangazi alipoufikia ukurasa huo alivua miwani kabisa.

"Nikele ni nimekaa," alisema. "Nipo, nimetulia, sitoki. Wewe umelishika miguu ukalitembeza kinyumenyume."

"Ni hadithi tu, Shangazi."

"Ndiyo maana nasema. Kadi zangu zitaliwa na mende, mwanangu. Kitakachobaki ni hadithi. Miaka hamsini ijayo, atakayelijua neno hili atalijua kutoka kwa jitu lako, na atalijua upande wa nyuma."

Majitu aliona haya, tena haya za kweli. Lakini mtu mwenye kitabu cha pili mkononi hana muda mrefu wa kuona haya. Akaendelea na kazi, na kitabu cha pili kikatoka.

Kisha kiharusi kikampiga Shangazi asubuhi akichuja chai.

Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na maneno hayatoki. Muuguzi aliyemsindikiza aliwaketisha wote sebuleni, Majitu na mkewe na Baba, akawaeleza taratibu. Mgonjwa anasikia na kuelewa. Kufuli liko kwenye kusema. Kinachoweza kupenya ni kile alichokishika kwa moyo, kama wimbo, au sala, au shairi. "Na msimwamini akitikisa kichwa," aliongeza. "Kwa sasa ndiyo yake inaweza kutoka hapana, na hapana yake ndiyo. Msikilizeni tu, mpeni muda."

Shangazi akawekwa kwenye kiti chake dirishani. Akawatazama mmoja mmoja, mdomo ukahangaika, kisha neno likatoka.

"Nikele."

Wakati huo huo, chini, mashine ya kukatia vyuma ikaanza kulia. Baba akapiga goti lake kwa kiganja. "Mmesikia? Kelele. Anasema kelele. Na kwa haki, hata mimi mzima naona meno yananiuma."

Nani angembishia? Wakafunga madirisha, na sebule ikawa na joto la kuotesha uyoga. Mke wa Majitu, aliyekuwa akishinda pale na mtoto wao mchanga waliyemwita Kibogoyo, akashuka kuongea na fundi wa mageti. Fundi alikuwa mtu muungwana. Alihamisha mashine uani na kuwaambia vijana wake wasigonge vyuma ovyo. Kukawa kimya ambacho nyumba ile haikuwahi kukijua.

"Nikele," alisema Shangazi ndani ya kile kimya, kwa nguvu zaidi.

"Sikio la mgonjwa linasikia hata yasiyosikika," Baba alihukumu. "Jumamosi namchukua." Kwake kulikuwa pembezoni mwa mji, mahali ambapo hata jogoo huwika kwa adabu. Atampa chumba cha nyuma. Funguo zitarudi kwa mwenye nyumba, na makasha ya viatu yatakwenda stoo, kwenye mabati na panya. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake sana, ila mapenzi yake yalikuwa ya kubeba mtu na kumweka anapoona yeye panafaa.

Majitu naye, je? Wewe msomaji umeshajua, na pengine unatamani kumtikisa. Yeye ndiye pekee mle ndani aliyelisikia neno lilivyo, nikele, si kelele. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Alikuwa ameishi na majitu muda mrefu mno, ameyasikia yakinguruma neno hilo sura baada ya sura, hata maana ya Shangazi ikawa imefunikwa kabisa na ile aliyoitunga mwenyewe. Aliposikia "nikele" alisikia ninaondoka. Na zaidi ya hapo, tusifichane, alifurahi. Shangazi yake, msomi wa lugha, kapoteza maneno yote ya dunia na aliyobaki nayo ni ya kitabu chake.

"Baba," alisema, "hasemi kelele. Hilo ni neno la majitu. Anasema ninaondoka."

Baba alimtazama mwanawe kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu aache uhasibu. "Basi hata majitu yako yanakubaliana na mimi."

Shangazi alimkazia Majitu macho. Wanafunzi wake wa zamani wangelitambua jicho lile mara moja, jicho la rudia tena, umekosea. Machozi yakamtoka. Majitu akamshika mkono mzima akambembeleza, akidhani analia kwa kuiaga nyumba.

Jumamosi ikafika, na pikapu ya kukodi ikaegeshwa mlangoni. Baba alikuwa chini akiwasimamia wabebaji, kazi aliyoipenda. Kitanda kilishashuka, na meza. Makasha yalikuwa yamerundikwa karibu na mlango, Majitu akiyafunga kamba moja moja. Mkewe alikuwa jikoni anakusanya vyombo. Kibogoyo alikuwa amelazwa kwenye mkeka, miguuni pa Shangazi, katikati ya chumba kilichobaki kitupu.

Majitu aliburuta kasha kwa kishindo. Shangazi akanyanyua mkono wa kushoto kumzuia, akaelekeza kidole kwa mtoto, akasema kwa sauti ya chini, wazi kabisa:

"Alele."

Kasha likamponyoka. Kadi zikatawanyika sakafuni kama karanga. Neno lile Majitu alikuwa amelitumia kuzika majitu kumi na mengine zaidi, na hapakuwa na maana nyingine kichwani mwake. Aliruka, akamnyakua mtoto, akamtikisa, akaweka sikio kifuani pake. Kibogoyo akafumbua macho, akamwona baba yake usoni, akapiga ukelele uliofika mpaka kwa mafundi.

Mke akatoka jikoni na sufuria mkononi. "Una nini wewe? Nimemlaza sasa hivi."

"Shangazi amesema amekufa."

"Mtoto alikuwa amelala!"

"Ndiyo, lakini amesema alele, na alele ni..."

Akasita. Mkewe alimpokonya mtoto na kuondoka akimnong'oneza, na Majitu akabaki amesimama juu ya kadi zilizomwagika, mikono mitupu. Amelala. Alele. Mtoto alikuwa amelala, Shangazi akasema alele, na alikuwa sahihi. Haikuwa lugha ya majitu. Majitu yalikuwa hayajawahi kuingia humu ndani. Ilikuwa lugha ya Shangazi, ile ile aliyomfundisha kwenye chumba hiki, na kila neno lilikuwa na maana yake ya kwanza.

Na kama alele ni amelala, basi nikele.

Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Shangazi. Nikele?"

"Nikele," alisema, na mkono wa kushoto ukapiga mkono wa kiti, mara moja, kama anayegonga mhuri.

Nimekaa. Nipo. Sitoki. Alikuwa akiwaambia hivyo tangu siku ya kwanza, kwa neno pekee lililomtii, nao wakamfungia madirisha na kumkodishia gari.

Hata hivyo hakutaka kujidanganya mara ya pili. Akasimama wima, akajigusa kifua. "Mimi, Shangazi?"

Mdomo ukahangaika. "Usimeme."

Akakaa sakafuni. "Na sasa?"

"Ukele." Na safari hii pembe moja ya mdomo wake ikapanda, ile iliyokuwa bado inaweza.

Majitu alicheka na kulia kwa pamoja, kwa fujo, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo asioujua uzito wake. Maneno ambayo hakuna mdomo ulioyasema sokoni kwa karne na karne yalikuwa yakifanya kazi mbele yake, yakisema mtu huyu kasimama, mtu huyu kakaa. Hakuna lugha ya majitu aliyoitunga iliyowahi kufanya kitu kikubwa namna hiyo.

Baba akaingia akihema kwa ngazi. "Mbona mmesimamisha kazi? Na huyo mtoto analia nini?"

"Baba, hatoki. Anasema nimekaa. Nikele ni nimekaa."

"Juzi ulisema ni ninaondoka." Baba alifuta jasho. "Leo nimekaa. Kesho litakuwa kabichi?"

"Juzi nilisema la kwangu. Leo nakwambia la kwake. Simama hapo hapo, tafadhali. Shangazi, Baba amefanyaje?"

"Asimeme," alisema Shangazi.

Majitu akasogeza kasha moja la viatu, akamkalisha baba yake juu yake kwa kumbonyeza mabega, jambo ambalo siku nyingine lingemletea balaa.

"Akele," alisema Shangazi.

Baba akamgeukia dada yake. Majitu akalifungua dirisha, akawaambia mafundi wafanye kazi kama zamani. Sauti za karakana zikaingia zote kwa mpigo, mashine, nyundo, fundi akimkaripia kijana wake, na Shangazi akageuza uso kuzipokea, mabega yakamshuka, kama mtu aliyesikia watu wake wakipiga hodi. Hapo hapakuhitajika mkalimani.

"Nani atamtunza?" Baba aliuliza. Ukali ulikuwa umemtoka. "Si suala la maneno tu. Nani atamnyanyua? Nani atampa dawa?"

"Sisi," alisema mke wa Majitu kutoka mlangoni, Kibogoyo begani. "Chumba chetu kinavuja, hapa kuna vyumba viwili. Tangu alipotoka hospitali nashinda hapa, kulala nako kutanishinda nini? Ila huyu mwanao wa majitu," alimwambia Shangazi, "ajifunze kupika."

Wabebaji wakaanza kupandisha walichokuwa wameshusha, wakinung'unika, na Baba hakuwasimamia. Alikwenda kusimama jikoni peke yake. Majitu alipomfuata alimkuta anakagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Hayo majitu yako," alisema Baba bila kugeuka. "Yanaombana msamaha?"

"Yanaombana."

"Yanasemaje?"

"Baba, Shangazi anaelewa Kiswahili. Mwambie tu nisamehe."

"Kwa Kiswahili hiki chetu nimejaribu tangu niko sebuleni. Halitoki." Alifungua bomba, akalifunga. "Huyu amenibeba mgongoni kwenda shule. Nami nilikuwa namhamishia kwangu kama kabati. Nipe la majitu."

Majitu alisita, maana hili halikuwa la washairi wala la kasha lolote. Alilitunga mwenyewe kwenye kitabu cha pili. Viumbe warefu kupita miti, alifikiri, hawawezi kuinama, migongo yao ni mawe. Lililobaki ni kujipunguza kwa mdomo. "Jitu lililokosa husema, mdodo mimi. Yaani mimi ni mdogo kwako."

"Mdodo mimi," Baba alirudia. Akarudia tena, taratibu, kama mtoto anayetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Akaenda sebuleni. Shangazi alikuwa dirishani na kadi chache mapajani, zile mke wa Majitu alizomwokotea. Baba alisimama mbele yake, mikono pembeni, mzee wa mvi na tumbo, na akasema:

"Mdodo mimi, dada."

Shangazi alimtazama. Mdomo ukahangaika, ukakwama, ukaanza tena, na shingo yake ikakaza kwa juhudi. Majitu aliyekuwa mlangoni alitaka kumsaidia lakini hakujua amsaidie vipi, maana jibu la jitu liko kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha pili, na kitabu cha pili hakuwahi kumpelekea. Baada ya yale maneno kuhusu nikele, aliogopa.

"Kimo," alisema Shangazi. Akavuta pumzi. "Kimo kimoja."

Hivyo ndivyo majitu yake husameheana, na hakuna mshairi wa kale aliyewahi kuandika maneno hayo. Majitu alikumbuka alichosema muuguzi, kwamba kitakachopenya ni kile tu alichokishika kwa moyo. Kumbe kitabu cha pili alikitafuta mwenyewe, akakisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Baba hakujua lolote la ukurasa wa mwisho. Yeye alisikia tu dada yake akimwambia wanalingana, na akakaa polepole juu ya kasha la viatu, akifuta macho kwa ukingo wa shati.

"Mwongo," alisema. "Siku zote umenizidi."